Shajara ya mradi: «Get off» na «get out of» kwa bodaboda, boti na treni za Kigoma

Shajara hii ni ya kikundi kidogo cha walimu wa Kiingereza na waongoza wageni wa Kigoma mjini. Kazi tuliyojipa ni nyembamba: kitenzi kimoja cha maneno mawili, «get off», pamoja na ndugu zake watatu, «get on», «get in» na «get out of». Washiriki ni 12: madereva wa bodaboda 5, waongoza wageni 3, wahudumu wa boti 2 na wahudumu wa nyumba ya wageni 2. Wote Kiingereza wanakijua kiasi cha kupatana bei, ila wanakwama abiria anapotakiwa kushuka. Atakayetaka kuirudia kazi hii Kasulu, Tabora au kwingine achukue karatasi zetu, lakini asome kwanza palipoharibika.

12 Januari. Karatasi ya kwanza, imetupwa

Tulianza kivivu. Ukurasa mmoja, safu mbili: kushuka ni «get off», kupanda ni «get on», chini yake sentensi kumi za mazoezi. Kuchapa na kuprinti sh. 1,000, fotokopi 40 kwa sh. 100, jumla sh. 5,000.

Haikupita nusu saa karatasi ikaanza kutuumbua. Zoezi la teksi lilileta «Please get off the car» kwa karibu kila mtu, na kwa karatasi tuliyowapa walikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba Mwingereza akisikia «get off the car» anamwona mtu aliyepanda juu ya boneti, anaambiwa ateremke kabla hajabonyeza bati. Gari dogo linataka «get out of».

Kosa lilikuwa letu, tulitafsiri neno kwa neno. «Shuka» ya Kiswahili ni gunia kubwa: unashuka mti, unashuka mlima, unashuka kwenye baiskeli, garini na melini, hata bei inashuka. Ndani yake mna wazo la juu na chini. Kiingereza kwa vyombo vya usafiri hakiulizi juu na chini. Kinauliza ulikuwa *juu ya* kitu au *ndani ya* kitu. Ndiyo maana abiria wa treni ambayo sakafu yake iko sawasawa na jukwaa la stesheni, asiyeteremka hata ngazi moja, bado «gets off the train».

Hapo hapo tukaifuta «get down from the bus», ambayo ni shuka ya Kiswahili iliyovaa koti la Kiingereza. «Get down» inafaa mti, ukuta, paa, meza, na bodi ya lori ukiwa umekaa juu ya magunia. Wengine walitaja «alight», neno ambalo wengi tumelikuta shuleni. Si kosa. Kwenye matangazo ya treni za London lipo: «Alight here for…». Lakini ni neno la tangazo. Dereva wa bodaboda akimwambia mgeni «Please alight» atasikika kama kipaza sauti.

15 Januari. Kanuni ya mgongo, na hiace iliyoivunja

Toleo la pili lilijengwa juu ya kanuni ambayo walimu wengi wanaifundisha: chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake kinachukua «on» na «off», chombo ambacho lazima uiname na ukae kinachukua «in» na «out of», chombo unachokikalia kwa kutanua miguu kinarudi kwenye «on» na «off». Tukaiita kanuni ya mgongo: mgongo ukinyooka, «off», ukipinda, «out of».

Safari hii tuliwapeleka washiriki kwenye vyombo vyenyewe. Bajaji tuliikodi saa moja, sh. 8,000. Bodaboda, muda na mafuta, sh. 3,000. Hiace na Probox za michomoko, yaani magari madogo yanayobeba abiria, tulizikuta stendi zikisubiri zamu, na makonda wawili waliotuvumilia wakanywa soda, sh. 1,600. Jumla sh. 12,600. Kila mtu alipanda na kushuka huku akisema kwa sauti anachofanya. Watu wakitazama, sawa, watazame.

Baiskeli, bodaboda na basi kubwa havikusumbua. Hiace ikasumbua. Mtu anaingia ameinama, kidevu karibu na goti, anapenya hadi siti ya nyuma akiwa amejikunja kama kisu cha kukunja. Kwa kanuni ya mgongo hiace ingekuwa «get out of». Lakini kwa Mwingereza, gari la abiria lenye ruti na vituo ni basi, hata likiwa dogo: «get off the minibus». Washiriki wakauliza, kwa haki kabisa, kanuni gani hii inayokufa kwenye chombo tunachopanda kila siku?

Tukajaribu kuiokoa kwa ruti: kama kina ruti na vituo, «off». Probox ikaiua hiyo nayo. Mchomoko una ruti, una vituo, una watu saba kwenye nafasi ya watano, na bado ni gari dogo: «get out of».

Kilichofanya kazi hatimaye ni swali jingine, na ndilo tunalolitumia hadi leo: kuna hatua kati ya mlango na kiti? Ukishaingia mlangoni, je, unapiga walau hatua moja kabla ya kukaa? Kama ndiyo, ni «on» na «off». Kama makalio yanatoka nje moja kwa moja hadi kitini, ni «in» na «out of». Kwenye hiace unapiga hatua, hata kama ni ya kuinama. Kwenye Probox hakuna hatua, unaingiza makalio kisha unavuta miguu. Bajaji vilevile, «get in» na «get out». Kebini ya lori, «get in the cab», ingawa umekwea ngazi mbili kuifikia. Treni, meli na ndege kubwa zina hatua nyingi, kwa hiyo «off». Vya kukalia kwa kutanua miguu, yaani baiskeli, pikipiki, punda, havina mlango wa kuulizia; hivyo ni «on» na «off» moja kwa moja.

Tahadhari kwa atakayefundisha: hii ni fimbo ya kutembelea, si sheria ya bunge. Hiace hiyo hiyo ikikodiwa na familia moja inageuka kuwa «the van», na hapo «get out of the van» ndiyo itakayosikika zaidi. Tena penye hatari ya moto au ajali watu hupiga kelele «Get out of the bus!», kwa sababu wakati huo basi si chombo cha safari tena, ni kisanduku ambacho watu wanatakiwa watoke ndani yake. Ukiwaambia wanafunzi kwamba «out of the bus» haisemwi kamwe, siku wakiisikia watakuona muongo.

22 Januari. Kadi 14 zilizoharibika

Kwa kuwa maji ya ziwa hayana huruma na karatasi, tuliamua kutengeneza kadi ngumu. Manila 4 kwa sh. 1,000 kila moja, kila karatasi ikatoa kadi nne, tulihitaji 14. Maka peni 2, sh. 2,000. Laminesheni kadi 14, sh. 14,000. Jumla sh. 20,000.

Kadi ziliporudi zinang'aa, mmoja wetu akasoma ya tatu kwa sauti: «Get off from the boat.» Ile ya nne nayo: «Get off from the bus at the market.» Sentensi ya mfano tuliiandika kosa sisi wenyewe, kisha tukainakili mara kumi na nne. Plastiki ikishabana, haifutiki.

Asili ya kosa ni hii. Kiswahili hakimruhusu mtu kushuka basi hivi hivi. Anashuka *kwenye* basi, au *kutoka kwenye* basi, au anashuka *garini*. Tumezoea kuweka kiungo, tukakitafutia nafasi kwenye Kiingereza. Lakini «off» yenyewe imekwisha kufanya kazi ya «kutoka kwenye». Ukiongeza «from» umeshuka mara mbili. «Out», kwa upande wake, haijitoshelezi, inahitaji «of»: «get out of the car». Mitaani Uingereza na Marekani utasikia «get out the car», na Wamarekani wengi husema «get off of the bus». Washiriki wayajue kwa kusikia tu, wasiyaandike.

Kadi mpya zimepangwa kufuata jinsi Kiswahili chenyewe kinavyokibadili kitenzi, na hili tunaona ndilo lililofungua milango kuliko yote:

*Shuka* peke yake: «get off». 
*Shukia*, kauli ya kutendea: «get off at». Nitashukia Mwanga, «I'll get off at Mwanga». Kile kijisilabi «-i-» ndicho «at» ya Kiingereza.
*Shusha*, kauli ya kutendesha: «let off» kwa basi na bodaboda, «let out» au «drop off» kwa gari dogo. Nishushe hapa, «Let me off here, please».

Mtu anayejua tofauti ya shuka, shukia na shusha tayari anazo kichwani tofauti tatu za Kiingereza. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, wenzetu wanaongeza neno dogo pembeni. Kabla ya kadi hizi, mshiriki aliyetaka kusema «nishushe» alisema «Get off me here», ambayo maana yake ni karibu na «niondokee mwilini hapa».

Kadi moja imewekwa kwa ajili ya nafasi ya kiwakilishi. Vitenzi vingi vya maneno mawili vinataka kiwakilishi kikae katikati: «take it off», «put it on». «Get off» ya usafiri haitaki: ni «get off it», basta. Ukisema «get it off» umehama kabisa, umesema «kivue» au «kiondoe». Kwenye boti tofauti hii si ya vitabuni. Mgeni anayehangaika na kamba za jaketi la kuokolea akisema «I can't get it off», hasemi kwamba ameshindwa kushuka, anaomba afunguliwe.

Kurudia kadi: manila sh. 4,000, laminesheni sh. 14,000. Maka peni zilikuwa bado na wino. Sh. 18,000. Tangu siku hiyo hakuna kitu kinachopelekwa laminesheni kabla watu wawili hawajakisoma kwa sauti, mmoja wao akiwa hakukiandika.

29 Januari. «You get off»

Sarufi sasa ilikuwa safi, na wageni bado wangeudhika. Tulirekodi mazoezi ya simu kisha tukayasikiliza. Madereva watatu kati ya watano walisema «You get off» wakifika mwisho wa safari, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya «haya mama, shuka taratibu».

Kwa Kiswahili upole unabebwa na «mama», «mzee», «dada», na lafudhi. Kiingereza hakina cha kubandika hapo, na amri ikiwekewa «you» mbele inasikika kama ya askari anayemtoa mtu kwenye kiti kisicho chake. «Get off!» tupu ndiyo mbaya zaidi, kwani ndiyo anayoisema mtu aliyeshikwa bila ridhaa yake: niachie.

Dawa tulizozijaribu, kwa mpangilio wa mafanikio: kwanza «Here we are», ambayo ni «tumefika» na haimwamuru mtu chochote, mgeni atashuka mwenyewe. Pili «This is your stop», kwa hiace. Tatu «You can get off here», pale anapohitaji kuelekezwa mahali. «Please get off» tuliiweka ya mwisho. «Please» haiponyi kila kitu, na kwa sauti iliyochoka inazidisha ukali.

3 Februari. Juu ya pikipiki, «off» na «on» ni kitu kimoja

Zoezi la barabarani, mafuta sh. 4,000. Tulitaka kuona kama maneno yanafika masikioni mwa abiria, dereva akiwa mbele, injini inanguruma, upepo wa ziwa unapuliza. Hayakufika.

Sauti inayotenganisha «get off» na «get on» iko mwishoni tu: «f» kwa «n». «F» ni pumzi, na pumzi ndiyo ya kwanza kumezwa na injini. Kwenye kilima, dereva alimwambia abiria wa majaribio «Don't get off, stay». Abiria akasikia neno la kati tu na kuanza kuinua mguu pikipiki ikiwa haijasimama. Tukasimamisha zoezi.

Marekebisho mawili. La kwanza, tusitegemee «off» kinyume cha «on». Kama abiria abaki, dereva aseme «Stay on, please», asitaje «get off» kabisa hata kwa kukanusha. Kama ashuke, injini izimwe kwanza, ndipo «You can get off now». La pili ni matamshi. Wengi walitamka «geti ofu», silabi nne zenye vokali za kuazima. Kiingereza kinaunganisha: «ge-tof», kama neno moja, na uzito uko mwishoni. «Get on» ni «ge-ton». Mmarekani ataifanya «t» iwe laini hadi ikaribie «d» au «r» yetu ya haraka, «ge-dof». Ni neno lile lile. Na «off» isichanganywe na «of»: ya kwanza inaishia kwa «f», ya pili kwa «v». «Out of the car» ikisemwa haraka, «of» inabaki kivuli, «auta-dha-kaa». «Dh» hiyo ni ile ya dhahabu, Mswahili haimshindi.

Jambo la tatu halikuwa kwenye mpango. Pikipiki nyingi za hapa zina bomba la moshi upande wa kulia, na mgeni aliyevaa kaptula akishukia kulia shavu la mguu linaungua. Madereva walitaka sentensi ya kumwambia ashukie kushoto. Mmoja akajenga «Get off on the left». Sarufi haina shida, ila tuliiacha, kwa sababu «get off on» ikifuatiwa na kitu ina maana nyingine ya mtaani, ya mtu kusisimkwa na kitu hicho, na mara nyingi inanuka mapenzi. Badala yake: «Careful, the pipe is hot. Use the left side when you get off.» Onyo linatangulia, kitenzi kinakuja mwisho.

10 Februari. Kibirizi, na mnyororo wa kushuka

Boti zinazokwenda vijiji vya kaskazini na Hifadhi ya Gombe hutokea ufukwe wa Kibirizi. Hizi zilitusumbua tangu siku ya kanuni ya hatua. Boti ya mbao ya abiria ni ndefu, watu wanatembea juu ya mizigo hadi nafasi zao, hivyo kuna hatua. Lakini unaingia kwa kuruka ubavu au pua yake ukiwa umeloa hadi ugoko, hivyo ni kama mtumbwi. Jibu: zote mbili zinasemwa. «Get in the boat» na «get on the boat» hazimshtui mtu. Kwa mtumbwi mdogo ni «in» na «out of» tu, na kwa meli ni «on» na «off» tu. Tuliwaambia wahudumu wachague moja, wakachagua «get out», kwa kuwa mgeni anaporuka pua ya boti kweli anatoka ndani ya kitu.

Mhudumu alikubali boti iliyokuwa imefungwa itumike kwa mazoezi, tulimpa sh. 5,000. Maneno yaliyobaki baada ya kukatwakatwa ni haya:

«Please stay in the boat until it stops.»
«Take your shoes off first.»
«Now you can get out, over the front, one at a time.»
«Not that side. It's deep.»

Angalia kwamba «take your shoes off» ina «off» ile ile, na hapa mshiriki mmoja aliuliza swali zuri: kama «off» ni kushuka, viatu vinashukaje? «Off» si kushuka. Ni kuachana na kitu ulichokuwa umegusana nacho kwa juu. Kiatu kinaachana na mguu, abiria anaachana na basi, kifuniko kinaachana na sufuria. Tungekuwa tumeanza na maelezo haya tarehe 12 tungeokoa karatasi 40.

Mfano mzuri wa mnyororo mzima ni Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa tena hapa Kigoma. Katika safari zake za kusini, vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa inasimama majini, boti ndogo zinakuja ubavuni. Abiria mmoja, safari moja: «gets off the ship», «gets into the boat», kisha ufukweni «gets out of the boat». Kwa Kiswahili anashuka, anapanda, anashuka. Tuliigiza kwa viti: viti nane vilivyopangwa pamoja ni meli, beseni kubwa la kufulia ni boti. Baada ya mizunguko minne hakuna aliyechanganya tena, na beseni lilipasuka. Lilikuwa la zamani, halijahesabiwa kwenye gharama.

15 Februari. Treni

Hili lilikwenda haraka. «Shukia» tayari wanaijua, ikabaki wakati. Kiingereza kinatumia hali ya kuendelea kwa mpango uliokwisha amuliwa, na Kiswahili kinafanya vivyo hivyo kwa «na-»: nashukia Uvinza, «I'm getting off at Uvinza». Hakuna haja ya kuhangaika na «will».

Kwa anayetoka Kigoma kwenda Mwanza kwa reli, Tabora ndipo pa kubadilisha, na kwa Mpanda ni Kaliua. Sentensi ndefu «Get off at Tabora and get on another train» ni sahihi, ila fupi ni «Change at Tabora». Abiria anayesafiri usiku kupitia Urambo au Kaliua anahitaji «Could you wake me up? I'm getting off at Kaliua», na aliyepitiliza anahitaji «I missed my stop». Aliyeshuka mapema: «I got off too early». Wakati uliopita ni «got», si «getted». Wamarekani baada ya «have» husema «gotten off», Waingereza «got off».

20 Februari. Maana za pembeni

Tulipanga kuziruka. Wahudumu wa nyumba ya wageni wakakataa, na walikuwa na sababu. Mgeni akimuuliza mhudumu «What time do you get off?» hataki kujua basi lake, anauliza anatoka kazini saa ngapi. Jibu ni «I get off at four» kwa saa kumi jioni, na hapo saa za Kiswahili zinakuwa mtego wao wenyewe: mhudumu alijibu «ten».

Nyingine kwa ufupi. «Get off the phone», acha simu. «Keep off the grass», usikanyage majani. Si «get off», ambayo ni kwa aliyekwisha kukanyaga. «He got off lightly», ameadhibiwa kidogo kuliko alivyostahili. Na moja ya kuogopwa: «Where do you get off?» ni swali la kawaida la kituo, lakini ikifuatiwa na kitenzi cha «-ing», kama «Where do you get off talking to me like that?», ni ugomvi wa Kimarekani, maana yake umepata wapi ubavu wa kuniambia hivyo. Dereva anayemuuliza abiria aanze na «Where would you like to get off?» na hatari yote imekwisha.

24 Februari. Hesabu

Karatasi ya kwanza sh. 5,000, vyombo vya majaribio 12,600, kadi mbovu pamoja na maka peni 20,000, kadi mpya 18,000, mafuta 4,000, boti 5,000, bando la kutumiana sauti za mazoezi kwenye WhatsApp 3,000. Jumla sh. 67,600, na kati ya hizo 23,000 ni gharama za makosa yetu: fotokopi 40 na laminesheni ya «from».

Seti ya Tabora haihitaji kadi za boti. Iongezewe za stesheni na za baiskeli, na kwa keria ya baiskeli sentensi ni «Get on the back». Kadi mpya ya kwanza imeshaandikwa kwa penseli, inasubiri msomaji wa pili.